Makoti ya Upande Mmoja

Wifi yangu hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na mimi nilikuwa wa kwanza kumnyima. Ni dada wa mume wangu, na tangu niolewe tumekuwa tukitaniana mpaka wasiotujua hudhani tunagombana. Yeye aliniita Mvivu. Mimi nilimwita Mama Mkasi, jina ambalo karakana nzima ililidaka, akabaki nalo.

Karakana yetu inashona nguo za kazi: makoti ya manesi, ovaroli, aproni. Washonaji tuko kumi na mmoja, mpiga pasi mmoja, na mkataji mmoja. Mkataji alikuwa wifi, mwaka wa ishirini na mbili. Meza yake ilikuwa ndefu kuliko chumba changu cha kulala, na yeye alisimama kati ya meza na ukuta, mahali ambapo mtu mwenye kitambi asingepita hata kwa maombi. Nyuma yake dirisha lenye nondo. Akishaanza kazi, marobota ya kitambaa yanarundikwa kwenye mdomo wa kile kichochoro na hatoki mpaka kitambaa kiishe. Hata haja ndogo aliipangia saa.

Mshonaji akikosea, anaharibu nguo moja. Mkataji anatandika kitambaa tabaka juu ya tabaka, arobaini, hamsini, kisha anapitisha kisu cha umeme mara moja. Akikosea, amekosea mara hamsini. Ndiyo maana wifi alikuwa hawashi kisu kabla ya kusali kidogo. Midomo inacheza, halafu mashine inalia.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kufa ganzi. Kwanza vidole viwili, wakati wa kuamka tu. Baadaye kiganja kizima, mchana kweupe. Nilijua kwa sababu aliangusha kikombe cha chai nyumbani kwangu mara mbili katika wiki moja, na mara ya pili nikamwambia, "Ukitaka kunimalizia vikombe sema tu, nikununulie vya bati." Hakunirudishia utani. Alichuchumaa kuokota vipande, akaanza kulia.

Nilimpeleka hospitali mimi. Daktari akasema mshipa wa fahamu umebanwa penye kifundo cha mkono. Kuna upasuaji mdogo, na baada yake miezi miwili bila kazi. Nguvu zinaweza kurudi zote, zinaweza kurudi nusu. Akiendelea kukata bila kutibiwa, mkono utapooza. Wifi aliuliza swali moja tu: "Nitashika kisu tena?"

"Sijui, mama," daktari akasema. Nilimpenda kwa kusema kweli na nikamchukia papo hapo.

Hilo "sijui" ndilo lililomfunga wifi miguu. Angeambiwa ndiyo, angekwenda. Angeambiwa hapana, angelia, akamaliza. Sasa akienda kutibiwa, nafasi inapotea, maana Bosi alikuwa ameshatangaza mbele yetu sote kwamba kuna kiwanda kinachokata nguo kwa kompyuta, na siku mkataji wake atakapochoka, kazi inakwenda huko. Asipokwenda, mkono unakufa. Mbele kisu, nyuma ukuta. Akaniapisha nisimwambie mtu, si mumewe, si kaka yake, na Bosi ndiyo kabisa. Nikaapa kama mjinga.

Akaanza kazi ya kuficha, ambayo ni kazi ngumu kuliko kukata. Alifunga kifundo kwa kitambaa chini ya sweta na kusema anasikia baridi, jua likiwa kali nje. Alipokea vitu kwa mkono wa kushoto, akiwaomba watu radhi kwa kukosa adabu. Wakati wa chakula alibaki mle kichochoroni, na mimi, niliyekaa kwenye cherehani ya karibu, nilimsikia akisali. "Mungu wangu, nirudishie mkono. Nimekosa nini? Nirudishie kama ulivyokuwa." Kila siku ombi lilelile. Akimaliza kumwomba Mungu, anaanza kujitukana. "Mzembe wewe. Kizee. Mzigo." Alijisema maneno ambayo ningemwambia mimi, kaka yake angenirudisha kwetu.

Na huyohuyo, nilipowahi kushona mifuko sita ndani nje, aliniambia, "Fumua, kunywa maji, anza upya. Hujaua mtu." Huruma alikuwa nayo tele, ila ilikuwa ya kugawa tu, mwenyewe hakuonja.

Siku ilipofika, ilifika na makoti ya manesi. Kitambaa chake kina uso na mgongo, uso unang'aa kidogo. Kwa kawaida wifi na mpiga pasi, mzee tunayemwita Babu Pasi, hukitandika kwa kwenda na kurudi: tabaka moja linatazama juu, la pili linageuzwa kutazama chini, nyuso zinakutana. Ukikata, unapata kipande cha kushoto na cha kulia kwa pamoja. Lakini kugeuza kunataka mkono unaobana kitambaa barabara. Siku ile nilimwona wifi akimwambia mzee jambo kwa sauti ya chini, na mzee akawa anakata kila tabaka kwenye ncha ya meza na kuanza jingine kwa upande uleule, nyuso zote juu. Nikadhani wanajua wanachofanya.

Kesho yake asubuhi nikaletewa vipande vya mbele niviunganishe. Nikachukua cha kushoto, nikatafuta cha kulia. Nikapekua rundo lote. Vipande mia moja, makoti hamsini, vyote vya kushoto. Nikavirudisha chini ya cherehani na kukaa juu ya mikono yangu, lakini Bosi ana pua ya paka. Mashine ikinyamaza, yeye anatoka ofisini.

Alikiinua kimoja, akakiinua kingine, akavilinganisha. "Nani alitandika hiki kitambaa?"

Cherehani zote zikasimama. Bosi akamgeukia Babu Pasi, kwa sababu mwezi uliopita mzee alikuwa ameunguza koti. "Mzee, kugeuza ni upande wako. Hili la pili. Ijumaa ukusanye vitu vyako."

Babu Pasi hakujitetea. Aliitazama pasi yake kama vile ndiyo iliyoulizwa. Pale nikaelewa kwamba alijua habari za mkono siku nyingi, na kwamba yuko tayari kufukuzwa badala ya kumsema wifi. Nikashikwa na hasira, sijui kwa nani. Nikamtazama wifi. Alikuwa nyuma ya meza, mgongo umegusa nondo, uso umempauka. Midomo ikacheza. Nikasema moyoni, sali utakavyo, lakini ukinyamaza leo usiniite wifi tena.

"Bosi, mwache babu," akasema. "Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimwambia asigeuze. Mkono wangu umekufa ganzi, sina nguvu ya kubana kitambaa. Halafu nikasahau kwamba nikiacha kugeuza, lazima nichore vipande vya kulia peke yake. Nimesahau kwa sababu akili yangu yote ilikuwa kwenye kuficha." Akavua lile sweta mbele yetu, akaufungua mkono, akauinua. Nyama ya chini ya kidole gumba ilikuwa imebonyea. "Miezi saba sasa."

"Miezi saba!" Bosi akasogea nyuma hatua moja. "Na kisu cha umeme?" Sikuwahi kumwona akiogopa. Akaketi juu ya robota, akafuta uso. "Nenda ukatibiwe. Ila meza siwezi kukuwekea, sitakudanganya. Makoti haya yanatakiwa, nitayapeleka kukatwa kule. Wakinifaa, nitabaki nao. Mzee, wewe endelea na kazi."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wifi alianza kukusanya chaki zake, na Babu Pasi akamwambia, "Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Na akivunjika mhunzi mwenyewe, babu?"

Mzee akafikiri. "Hapo sijui. Mimi napiga pasi tu."

Tulicheka, wifi akacheka huku machozi yanamtoka.

Mumewe alipoambiwa jioni ile, kilichomuuma ni jambo moja. "Miezi saba tunalala kitanda kimoja, hukuniona mtu wa kuambiwa?" Nami niliyekuwa nikijua siku zote sikuwa na pa kuweka uso. Baadaye mume yule akachukua ule mkono akaukanda mpaka chakula kikapoa.

Wiki mbili baadaye nilikaa naye kwenye benchi la hospitali. Alikuwa amevaa gauni la wagonjwa, limefungwa nyuma kwa kamba, na kama kawaida yake alikuwa ameshalikagua mishono na kuitia kasoro. Kisha akainama. Nilisikia kwa sababu bega langu lilikuwa limegusana na lake.

"Mungu wangu, sijui nitatoka nikiwa nani. Naogopa. Sina la kukupa. Nishike tu, na unifundishe kujihurumia, maana hilo silijui."

Hakuomba mkono. Nilingoja aombe, hakuomba.

Nesi akaja na fomu ya kukubali upasuaji. Wifi akajaribu kalamu kwa mkono wa kulia, ikateleza ikaanguka. Nikaiokota, nikamwambia nitamwandikia mimi. Akaninyang'anya kwa mkono wa kushoto, akaiweka fomu juu ya paja, akaandika jina lake taratibu, ulimi umetoka nje. Herufi zililala huku na huku, ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Nikamngoja ajitukane. Nilikuwa tayari kumgombeza, mbele ya nesi na wagonjwa wote.

Akalitazama lile jina. "Mwandiko mbaya," akasema.

"Mbaya sana," nikakubali.

"Ndio nilio nao leo," akasema, akampa nesi fomu, akainuka kumfuata.