Sahani ya Pembeni

Jumanne, Aprili 14. Mvua ya tangu alfajiri imekatika saa nne, jua likatoka la kuunguza.

Nimechoka, na sijui kama naandika sawasawa. Leo tulikwenda Ifakara mjini kwa wakili, kwa ajili ya mkono wa kulia wa mke wangu, uliovunjwa na pikapu ya mpunga barabara ya Kiberege. Vidole havikunjiki tena. Wakili anataka bima ya gari itulipe. Risiti za hospitali alizipokea, kisha akaniuliza mke wangu alikuwa anavuna kiasi gani. Nikamwambia shamba tunalima wote. Gunia lipi lake, lipi langu, sijawahi kutenganisha. Nikaongeza, maana ndiyo kweli, kwamba siku ile mke wangu, akitembea kando ya barabara, alikwepa dimbwi akaingia lami kidogo. Wakili akaweka kalamu chini.

Mke wangu akacheka. "Baba watoto, wewe ungekuwa hakimu ningefungwa mimi."

Wakili akasema ipo fidia nyingine isiyo na risiti, ya maumivu na ya raha iliyopotea. Alitaka mfano. Nikataja kupandikiza mpunga, nikataja kutwanga. Akasema hizo ni kazi, ameshaziandika. Mke wangu akasema huku anaangalia dirishani:

"Andika kwamba nakula peke yangu."

Kwetu tunakula sinia moja. Mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia, na yeye amebaki na huo. Tangu atoke hospitali anakaa pembeni na sahani yake na kijiko. Mimi nilidhani ni mambo ya bandeji. Bandeji ilishatolewa.

Tuliporudi tukamkuta mama wa yule dereva wa pikapu kibarazani, na jogoo na mchele. Kaja kumwombea mwanawe radhi. Jogoo wa radhi ukishampika, huna tena neno na mtu. Alipoondoka nikamwambia mke wangu tungoje kwanza tumuulize wakili.

"Kijana nimemsamehe," akasema. "Bima haijaja kuniomba radhi. Chinja."

Nikachinja. Huenda nimeharibu madai yetu, huenda sikuharibu.

Jioni tumekula wali na yule jogoo. Watoto niliwaachia sinia, nikachukua kijiko nikala naye sahani moja. Akawaambia watoto baba yao, mtu wa haki, kala mapaja yote mawili.