Sakafu Yake, Dari Yangu

Mume wa dada yangu hakuwahi kunisikiliza, lakini tangi lake la samaki ndilo lililonimaliza uvumilivu. Tulipanga nyumba moja kuukuu huko Weston, ughaibuni, wao juu, mimi chini. Tangi akaliweka katikati ya sebule ili wageni walione wakiingia tu. Nikamwambia alisogeze ukutani, likatize boriti kadhaa za chini ya sakafu zigawane uzito, badala ya kuulundika wote juu ya moja.

"Shemeji, sakafu ni sakafu," akanijibu, akaendelea kumimina maji.

Kwao alikokulia, sakafu ni saruji juu ya ardhi. Hapa ilikuwa mbao, na chini ya mbao kilikuwepo kitanda changu. Jumapili moja dari ikaanza kulia na kunimwagia vumbi usoni. Nikapanda na mpira wa maji, nikayavuta yale maji ya tangi hadi nje ya dirisha, nikawaachia samaki ya kuogelea tu.

"Toka kwenye sakafu yangu!" akafoka.

"Hii ni dari yangu," nikamwambia.

Tangi likahamia ukutani. Hadi leo anawaambia watu kanisani kwamba nilimwonea wivu. Na akija kwangu, na tumbo lake lile kubwa, namwonyesha kiti cha ukutani.