Zizi Lisilo na Mwenyewe

Wakulima wa Nkoma walipoleta pamba kinuni Bariadi, walimwamkia karani wa mizani kwa Kisukuma, na karani akawajibu kwa Kiswahili cha redioni. Huyo ndiye Selestini Mhoja. Alizaliwa mwendo wa kuchomwa jua kidogo tu kutoka hapo, akanyonya, akachunga, akachapwa hapo hapo. Lakini ukimuuliza kwao, atakuambia ni Mwanza mjini, na kwamba marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa misheni, amelala chini ya msalaba wa saruji. Jamani, mtu huyu! Mkataa kwao mtumwa, na Selestini aliutafuta utumwa huo kwa bidii.

Aliutafutia kwenye gofu. Nyuma ya kinu palikuwa na kiwanja walichokiacha Wazungu, na baada ya Azimio la Arusha kibao kipya kiligongomewa: KIWANJA CHA UMMA. Haya, umma gani ulikuwa na fimbo za gofu? Bwana Khatibu, meneja wa kinu, mtu wa Tanga. Bwana Faki, afisa wa pamba, mtu wa Pemba. Na wageni wachache waliopita kikazi. Selestini aliokota mipira yao mpaka siku moja mchezaji mmoja akaugua, naye akapewa fimbo ashike. Tangu siku hiyo hakulala bila kuifikiria.

Utamu wa gofu yao haukuwa kupiga, ulikuwa kusema. Mchezo ukiisha walikaa kwenye benchi la kinu, chai ya tangawizi mkononi, wakavisengenya viwanja kama wake wenza.

"Kile cha Lamadi msiende," alisema Faki. "Wavuvi wanaanika dagaa katikati. Nimepiga mpira ukarudi unanuka."

"Cha migodini kizuri, ila wenyewe wana maringo," alisema Khatibu. "Chetu sisi aibu tupu. Pale penye shimo ni mchanga na oili chafu. Mgeni akicheza anaondoka na suruali nyeusi."

"Tuoteshe nyasi."

"Kwa udongo huu? Labda uoteshe mawe."

Faki akatikisa kidole. "Ushauri wangu, tafuta zizi la zamani. Samadi ya miaka! Nyasi zitaota mpaka uzikimbie. Hamisha shimo la tisa, lipeleke hapo."

Khatibu akamgeukia karani. "Selestini, wewe unazunguka sana huku. Zizi lipo?"

"Lipo la mzee Bundala, kule kilimani."

"Kilimani! Tupande na punda?" Wakacheka, na kicheko kile kilimchoma Selestini. Aliona benchi linamponyoka. Akasema upesi, "Kuna jingine, hapa hapa ng'ambo ya kijito. Halina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwepo, chini. Wasukuma wa zamani, mwenye mji akifa huzikwa zizini, ng'ombe wake wamkanyage na kulala juu yake, asitengane na mali yake. Hakuna msalaba wala tofali. Ndani ya zizi lile alilala Mhoja, baba yake Selestini, ambaye hakuwahi kufundisha darasa lolote. Mjane wake, Milembe, alikaa pale akimfagilia hadi mwaka wa Operesheni Vijiji, lori lilipokuja likambeba yeye na vyungu vyake hadi kijiji kipya cha ujamaa. Ng'ombe wakagawanywa, ua wa minyaa ukabaki peke yake.

Khatibu alikuwa mtu wa dini. Walipofika pale aliuliza kwanza, "Hakuna kaburi hapa? Sisi hatuchezi juu ya maiti."

Neno moja tu lingetosha. Selestini alitazama chini, akapatazama pale pale alipomwaga udongo kwa mikono yake akiwa kijana.

"Hakuna, mzee," akasema. "Samadi tupu."

Basi minyaa ikakatwa. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, wallahi Faki alisema kweli, laini na za kijani hata mbuzi angelia kwa furaha. Wageni wakasifu. Selestini akapewa kikombe chake mwenyewe cha chai, na mahali pa kudumu kwenye benchi. Alifurahi, ndiyo, tusimsingizie. Alifurahi kabisa.

Jumapili moja walipofika shimo la tisa walimkuta kikongwe amepiga magoti kwenye nyasi, kibuyu mkononi. Milembe alikuwa ametembea tangu alfajiri kutoka kijijini, na maji ya unga wa mtama, kumtambikia mumewe. Alipomwona Selestini uso ulimng'aa.

"Ng'wanawane," akasema. Mwanangu.

"Anakujua?" aliuliza Khatibu.

"Wazee wa huku kila mtu humwita mwanangu," alijibu Selestini. Jasho lilimtoka mpaka kwenye soksi.

Milembe akasema kwa Kisukuma, taratibu, "Nani kamkatia baba yako ua wake?"

"Anasemaje?"

"Anatafuta ndama wake."

"Maskini." Khatibu akainama kwa adabu, akamwambia mwenyewe, polepole ili aelewe, "Shikamoo mama. Ndama hayupo hapa. Hapa palikuwa zizi lisilo na mwenyewe, na huyu kijana ndiye aliyetuonyesha."

Kiswahili cha Milembe kilikuwa cha mnadani na cha mikutano ya kijiji, lakini hicho kilimtosha. Alimtazama mwanawe. Akanyanyuka kwa shida, akamnyooshea kibuyu.

"Mwagia wewe," akasema kwa Kisukuma. "Wewe ndiye mtoto wa kiume. Ni kazi yako."

Mkono wa Selestini ulinyanyuka, nusu. Faki alikuwa anatazama. Mkono ukashuka.

"Anatupa nini?" aliuliza Faki.

"Chokaa," alisema Selestini. "Anauza chokaa ya kienyeji."

"Ala! Na sisi mwezi mzima tunatafuta chokaa!" Faki akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akamshukuru, akazunguka shimo akimimina, duara zuri jeupe kulizunguka, huku Khatibu akimwelekeza, hapa ongeza, hapo pamepinda. Maji yake yalizama ardhini haraka, weupe ukabaki. Ardhi ilikuwa na kiu.

"Haya Selestini, zamu yako," alisema Khatibu. Selestini akapiga. Mpira ukavuka ule weupe, ukaingia shimoni, nao wakampigia makofi.

Milembe alichukua kibuyu chake kitupu. Akainama, akasema na ardhi, si na mtu, kwa sauti ya kawaida kama anayempa mumewe habari za nyumbani:

"Baba Selestini, leo umetambikiwa na wageni. Uwapokee, ni watu wema. Mwanao alishakufa, nilisahau kukuambia."

Kisha akaondoka, bila kugeuka.

Khatibu akamsindikiza kwa macho. "Amesemaje mama wa watu?"

Selestini alikuwa ameingiza mkono shimoni kuutoa mpira wake.

"Anasema asante," akajibu.