Harusi Yangu na Azimio la Mama

Mwaka niliochumbiwa, mtaa wetu wa Wete ulikuwa na mikutano mingi kuliko watu. Mpiga mbiu alipita na pembe yake asubuhi kutangaza mkutano wa chama chetu, na jioni akapita tena kutangaza wa chama chao, kwa sauti ile ile na furaha ile ile. Akimaliza alikwenda zake kulala, maana yeye alikuwa hana ugomvi na mtu. Wazee husema la mgambo likilia kuna jambo. Kwetu lililia kila siku, na jambo lilikuwa lile lile: njooni mwambiwe kwamba jirani yenu ni adui.

Sisemi kwamba hapakuwa na la kudai. Mwingereza alikuwa bado amekalia kiti, na wanawake ndiyo kwanza wameruhusiwa kupiga kura. Mama yangu, ambaye alikuwa hajaulizwa rai yake hata juu ya rangi ya mlango wa nyumba yetu, ghafla aliulizwa nani atawale nchi. Nani asingelewa? Mama alilewa sawasawa. Akawa mjumbe wa kamati ya akina mama, akaacha kuvaa kanga isiyokuwa na rangi ya chama, na chakula cha mchana tukawa tunakila baada ya alasiri. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alizishona bendera za vyama vyote viwili kwa cherehani moja, na kwa sababu hiyo vyama vyote viwili havikumwamini. Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililoona wanakubaliana.

Ng'ambo ya uchochoro, mlango kwa mlango nasi, aliishi somo yangu. Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa mwanamke mmoja, si mama yake, maana mama na binti huoneana haya. Huyo ndiye humweka ndani, humwogesha, na humfunza yale ambayo hayasemwi ukumbini. Siku ya harusi yeye ndiye humtoa mwari na kumpa radhi zake. Ukishakuwa na somo umekuwa naye. Habadilishwi mpaka mmoja wenu awekwe kaburini. Ndoa isiyo na radhi za somo, watu huiangalia kwa jicho la pembeni, na kila mtoto akikohoa husemwa ni kwa sababu hiyo.

Wangu alikuwa mjane, msusi wa mikeka, na shoga wa mama tangu walipokuwa chuoni wakipigwa bakora pamoja kwa kukosea aya. Nilimpenda kuliko shangazi zangu wote, nao wanalijua hilo. Kosa lake lilikuwa moja, alikuwa wa chama chao. Sidhani kama alikichagua. Kaka zake waliingia, naye akahesabiwa humo pamoja na kuku na bata wa nyumba ile.

Mapambano yalianza kwenye vyombo. Mtaa ulikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, yaliyonunuliwa kwa mchango wa wanawake wote tangu enzi za bibi zetu, na aliyeyatunza alikuwa somo yangu. Kamati mbili zilikutana kuyagawa kwa haki. Haki ikapatikana: sisi tukachukua masufuria, wao wakachukua vifuniko. Kila upande ulirudi nyumbani unapiga vigelegele. Tangu siku ile pilau yetu tuliifunika kwa majani ya mgomba na ikanuka moshi, na wao sijui walipika nini juu ya vifuniko, lakini niliambiwa walikula kwa heshima.

Baada ya vyombo likaja azimio, nalo lilikuwa la mama. Alisimama mbele ya akina mama wote, akasema kuanzia leo asiye wetu hatumwendei harusini wala msibani, wala yeye hatujii. Mtu mmoja akauliza, je, kama ni jamaa wa karibu? Mama akajibu kwamba hata shoga yake wa ng'ambo ya uchochoro, maiti yake ikitoka, yeye mlango wake ataufunga. Walimpigia makofi mpaka kuku wakaruka. Wa upande wa pili, ili wasipitwe, walipitisha azimio kama hilo siku ya pili yake, na mashoga wawili wakaanza kupishana uchochoroni, mmoja akitazama juu na mwengine akitazama chini.

Mimi nilichumbiwa na kijana wa Makangale, huko karibu na msitu. Mahari ikatajwa, siku ikawekwa, mama akawa anagawa kazi kwa watu wa kamati: wewe mchele, wewe maua, wewe udi. Mmoja akamuuliza, "Na somo wa mwari ni nani?" Hapo ndipo mama alipokumbuka. Mwanamke aliyeweza kukueleza namna Uingereza inavyopitisha sheria zake alikuwa amesahau kwamba alipoinua mkono wake kwenye ule mkutano, alimfungia nje somo wa binti yake mwenyewe.

Kamati haikushindwa. Kamati haishindwi na kitu. Waliamua nipewe somo mwengine, mwanachama mwaminifu, na wakamleta alasiri ile ile akiwa amevaa rangi zote zinazotakiwa. Tukafungiwa chumbani, naye akaanza kunifunza. Alinifunza namna ya kuikunja karatasi ya kura. Alinifunza namna ya kukataa maji ya kunywa kutoka nyumba ya adui bila kuonekana sina adabu. Kuhusu mume alikuwa na swali moja tu: ana kadi? Nilipomwambia sijui, alisikitika sana, akaniambia hilo ndilo la kwanza kutazamwa kwa mwanamume, mengine yote yatakuja.

Alipoondoka nikamwambia mama kwamba siolewi. Sikupiga kelele. Nilimwambia kwamba mwanamke huyu hatanitoa mimi mlangoni mbele ya watu, na kama somo yangu haji, wamrudishie kijana mahari yake. Mama akanikumbusha taifa. Nikamwambia taifa likanitoe basi. Nilikuwa naogopa, na niliona uchungu kwamba aliyekuwa aniondoe uoga alikuwa hatua chache kutoka kitandani kwangu, akisuka mkeka wake kama kwamba sipo duniani.

Mama hakulala kwa raha, nadhani, kwa sababu asubuhi alijifunga kanga iliyopauka ambayo haikuwa na rangi ya mtu. Kwetu kualika si kwa kutuma salamu. Mwalikaji huenda kwa miguu yake mpaka mlangoni. Akavuka uchochoro mchana kweupe, na wanakamati wenzake watatu wamekaa barazani kwao wanamtazama. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, na uchochoro wenyewe ni mwembamba, hakuna neno lililonipita.

Somo yangu alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Hakunyanyuka.

"Shoga, nimekuja kukualika," mama alisema.

"Kamati imekutuma?"

"Sikutumwa."

"Si weye uliyesema hata maiti yangu huiendei?"

"Ni mie."

"Sasa wanitaka nikiwa hai?"

Mama alisimama pale. Yule msemaji mkubwa, aliyekuwa na jawabu kwa wazungu na kwa masheha, sauti ilikuwa imeshaanza kumkauka kwa hotuba za viwanjani. Akasema kwa mkwaruzo, "Mwanangu hataki mwengine. Wala mie sitaki mwengine." Somo yangu akamaliza kuikuna nazi yote, akakung'uta kifuu, ndipo akamsogezea kigoda kwa mguu. Mama akakaa, akalia, na mimi huku dirishani nikalia.

Siku hiyo hiyo kamati yetu ikamfukuza mama. Ya upande wa pili ikamfukuza somo yangu. Vyama viwili ambavyo visingeafikiana hata mwezi umeandama au haukuandama viliwafukuza kwa maneno yale yale, na hilo likawa jambo la pili waliloafikiana. Kisha kila kimoja kikaita mkutano mkubwa siku ya harusi yangu, kimoja uwanja wa juu na kimoja uwanja wa chini, na mpiga mbiu akatangaza yote miwili kwa pumzi moja.

Harusi ikafika. Mama na somo yangu walipika wenyewe, pilau ya kulisha mtaa mzima, kwani mama alikuwa bado ana imani kwamba harufu itawashinda majirani na kuwatoa mikutanoni. Baba alitandika majamvi uani kwetu. Alasiri gari la watu wa Makangale likaingia, na wanawake wakateremka wakiimba. Huko kwao siasa ilikuwa haijafika vizuri, walikuwa bado wanasalimiana. Waliingia uani wakanyamaza mmoja mmoja, maana majamvi yalikuwa matupu kutoka ukuta mpaka ukuta. Mama alisimama kwenye moshi wa jiko, hajui mikono yake aiweke wapi. Sijamwona mama yangu na aibu kama ile, kabla wala baadaye.

Shangazi wa bwana harusi, mtu mzima sana, alitazama huku na huku. "Mtaa huu hauna watu?" akauliza.

Vipaza sauti vilikuwa vinasikika kutoka viwanja vyote viwili, vikipishana juu ya mapaa, na neno lililokuwa likirudi katika kila kimoja lilikuwa umoja.

"Watu wapo, bibi," somo yangu alimjibu. "Leo wamekwenda kufunzwa kupendana."

Kisha akaingia chumbani, akanifunika, akanishika mkono. Aliniambia maneno yake, ambayo si ya kuandikwa, akanipa radhi zake, na tukatoka. Wimbo wa kumtoa mwari ni wa kuimba na kuitikia: somo huimba, na wa kuitikia ni mama mzazi na watu wa mtaa wake, si wageni. Wale wa Makangale waliijua ada, wakanyamaza kungoja. Somo yangu akaimba ubeti wa kwanza, akamgeukia mama.

Mama akafumbua kinywa, na sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu, na mkwaruzo. Alikuwa ameimaliza yote viwanjani, mwezi baada ya mwezi, kwa ajili ya taifa, na hakuwa ameniachia hata ya kuitikia wimbo mmoja. Alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, machozi yanamtoka, midomo inatamka kila neno na hakuna kinachosikika.

Somo yangu hakuniachia mkono; kwa mkono wake wa pili akaushika wa mama. Akatusimamisha kushoto na kulia kwake, akaimba ubeti wa pili, na ulipokwisha akauitikia mwenyewe.