Mrejelewa Aliyezikwa

"Nimeongea na mwalimu wako," madam wa kampuni niliyoomba kazi aliniambia kwenye simu, "na amekusifu mpaka nimecheka."

Nilikuwa sokoni Migori nikichagua nyanya. Mwalimu huyo nilikuwa nimemzika. Sikusimuliwa, nilikuwa Homa Bay siku hiyo, nikatupa udongo kwa mkono wangu huu. Nikajikaza, nikamuuliza madam kwa adabu zote kama ana hakika alipiga nambari yenyewe.

"Ile uliyoandika. Alikohoa kidogo, kisha akasema, 'Sema kazi.'"

Wee! Nikarudisha nyanya za watu. Watu wengine wote husema halo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akipokea simu hivyo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mizimu. Nimesomea umeme, taa ikiwaka yenyewe, natafuta waya ulioguswa. Huyo mwalimu ndiye aliyetufundisha chuoni, na kila Ijumaa alasiri, badala ya kutuachilia twende zetu, alitufundisha kuongea na waajiri. Tulihitaji, wacha niseme ukweli. Tulikuwa tukiomba kazi kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Tukiandika "niko tayari kufanya kazi yoyote," anawaka: "Yoyote ndiyo gani? Mwenye kazi ana mtambo umekufa, wewe unampelekea njaa yako!" Alitusimamisha wawili wawili tujifanye tunapigiana simu: taja jina, sema unachojua kufanya, kisha funga mdomo usikilize. Na chini ya wasifu, pale pa mrejelewa, yaani mtu wa kuulizwa habari zako, alituambia tuandike nambari yake. "Mimi nitapokea," alisema.

Alipofariki sikuitoa nambari hiyo. Nilikaa mbele ya kompyuta ya saiba mjini, kidole juu ya kitufe cha kufuta, nikashindwa. Kwetu marehemu haondolewi hivi hivi. Hata nguo zake hazigawanywi mpaka shughuli za matanga ziishe. Mimi ni nani nimtoe kwenye karatasi? Tena nilijidanganya kwamba waajiri hawapigi.

Na kazi hiyo niliitaka kwa udi na uvumba. Ilikuwa ya kutunza mitambo ya sola inayoendesha vyumba baridi vya samaki kule kisiwani Takawiri. Mama yangu huosha mchanga wa dhahabu Masara, kwa zebaki na mikono mitupu, na siku hizo vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka hata akishika kikombe. Nikipata mshahara, mama anatoka kwenye zebaki. Nikikosa, nakaa kando yake kwenye karai lile lile. Nilikuwa nimeshaambiwa nitafute gambuti, viatu vya mpira vya kazi hiyo.

Nikapiga nambari ile mwenyewe, jua likiwa utosini, watu wamejaa kila upande. Iliita mara moja. Kikohozi. "Sema kazi."

Nilikata. Punde si punde jina la mwalimu likatokea kwenye kioo cha simu yangu. Ananipigia! Nikaiacha ilie mkobani mpaka muuza nyanya akaniuliza, "Dada, mbona hupokei? Ni bwana umemkosea?"

Kesho yake nilienda nyumbani kwa mwalimu, nje kidogo ya Homa Bay. Nilipiga hodi langoni, nikaitikiwa kwa sauti ya marehemu. Kisha mwenye sauti akatokea: mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, kaka mkubwa wa mwalimu. Wametoka tumbo moja, na koo ni lile lile. Alinipeleka uani, ambako mjane wa mwalimu alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani. Karibu naye palikuwa na kiti kitupu, na juu ya kiti simu ya mwalimu, imechomekwa kwenye chaji. Nilipotaka kukisogelea nikaonyeshwa kigoda upande wa pili.

"Kwa hiyo ni wewe mzee unayepokea," nilisema. Sauti ilinitoka kwa ukali. Mimi woga ukipungua huwa nakasirika.

"Ni sisi wawili," mzee alinijibu bila haya. "Mwanzo tuliwaambia amefariki. Wakatoa pole, wakakata. Kijana mmoja akakosa kazi, akaja kulia hapa hapa. Tangu siku hiyo hatusemi."

"Lakini mzee, hunijui!"

"Huyu anakujua." Akamwelekezea shemeji yake kidevu.

Mjane hakuinua uso. Kumbe mwalimu alikuwa akituleta nyumbani kila jioni, mmoja mmoja, kwenye mazungumzo ya chakula. "Wewe ni yule msichana wa Masara," alisema kwa Kijaluo. "Uliambiwa umeme umezimwa, ukakataa kugusa waya mpaka ukapima mwenyewe. Mwalimu anakupenda kwa hilo, nyathina, mwanangu." Anakupenda! Alisema kama mke ambaye mumewe yuko chumbani anavaa viatu. Na kisa chenyewe kilikuwa cha kweli kabisa.

Ndipo simu ikalia pale kitini. Nambari niliitambua; ilikuwa ya madam, bila shaka ana swali lingine. Mzee akaichukua, akakohoa kusafisha koo, halafu akanitazama.

"Nipokee kama nani?"

Nilifikiria vidole vya mama. Ningenyamaza tu, basi, kazi ilikuwa yangu. Lakini nilitazama kile kiti, nikahisi kabisa kwamba mzee akifungua mdomo, mwalimu atakuja kuketi, na mimi ndiye nitakuwa nimemwita. Nikampokonya simu.

"Madam, ni mimi mwombaji. Mwalimu wangu alifariki. Uliyeongea naye ni kaka yake, na maneno yalikuwa ya mkewe. Nisamehe."

Akasema kwa ubaridi, "Mpe huyo mke."

Mjane alijifuta magamba ya omena kwenye leso, akaipokea simu kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Ndio. Mimi ni bibi yake. Bwana yangu anase..." Akakwama. Akameza mate, akaanza upya. "Marehemu bwana yangu alisema, huyu msichana hadanganywi." Mzee aliinamisha kichwa, baadaye aliniambia hajawahi kumsikia akilitamka neno hilo, marehemu. Mjane akasimulia yote mpaka mwisho, akaizima simu kabisa, kisha akalia kilio kilichowatoa majirani mbio wakidhani kuna msiba mpya.

Kazi nilipata. Mama anauza mboga sasa, na zebaki hagusi.

Mwezi haujaisha, mwenzangu tuliyesoma pamoja akanipigia kutoka Isebania, akihema. Alikuwa amefaulu usaili, lakini waajiri wanasema mrejelewa wake hapatikani. Nikamwambia taratibu kwamba mwalimu alikufa.

"Najua alikufa!" akanikatiza, karibu kulia. "Si nilibeba jeneza? Lakini alikuwa anapokea!"