Mishale ya Pofu

Kijiti kibichi cha mkole kikipashwa moto hutoa harufu ya pekee, nusu ya majani mabichi na nusu ya asali iliyoanza kuungua. Gome hutoka jasho, maji huchemka kwenye ncha na kulia kwa sauti nyembamba, na hapo ndipo kijiti hulegea na kukubali kunyooshwa. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo, katika kitongoji cha nyumba saba kando ya mto Luhira, mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Songea. Wangoni waliotutawala walijulikana kwa mikuki na ngao. Baba yangu alikuwa Mndendeule, mtu wa upinde, na hata wakubwa wa Kingoni walipotaka nyama ya mnyama mkubwa walituma mtu kwake. Hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, alikuwa na mimi. Ndiyo maana nilijua kuchagua mawano, yaani ile miti ya mishale, kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa hivi, kwa jinsi ninavyokadiria sasa. Baba alinyunyiziwa ile dawa ya maji pamoja na wanaume wengine, akaondoka akiwa amebeba podo lililojaa mishale. Wengi hawakurudi. Yeye alirudi baada ya miezi kadhaa akiwa amekonda, na kovu bichi kwenye bega la kulia, pale risasi ilipoingia na kutokea. Mama alimwosha kwa maji ya vuguvugu. Alipomaliza alisema tu, "Umekuja." Baba akajibu, "Nimekuja, Mama Nakawale." Nakawale ndilo jina langu. Sikupata kumsikia akisimulia zaidi ya hapo kuhusu vita vile, si siku ile wala baadaye.

Njaa ndiyo iliyotukuta nyumbani. Askari wa Wajerumani walikuwa wamechoma maghala, na mashamba yakabaki majivu. Tulikula majani, tulikula mizizi ya porini ambayo mama aliiloweka siku tatu ili kuondoa uchungu, tulikula matunda ya masuku kabla hayajaiva yakatuumiza matumbo. Hata mbegu ililiwa. Mdogo wangu wa kiume, Kanyika, aliyekuwa ametembea na kukimbia mwaka uliopita, aliacha kutembea. Mama alimbeba tena mgongoni kama mtoto mchanga, na nakumbuka miguu yake iliyoning'inia, myembamba, ikigongana kila mama alipopiga hatua. Baba alikuwa akiitazama miguu ile, kisha anatazama pembeni.

Siku moja alikwenda nyuma ya nyumba, akafukua upinde wake uliokuwa umefungwa ndani ya ngozi. Ilikuwa hatari, kwa sababu silaha zote zilikuwa zimeamriwa kupelekwa bomani, na mtu akikamatwa nazo alichapwa viboko, au alipelekwa asikorudi. Alijaribu kuuvuta, bega likakataa, na upote, ile kamba ya upinde, ukafika nusu tu ya kifua. Akauweka chini. Nilidhani atalia. Badala yake alikaa siku mbili akiuchonga upinde ule mzuri, akiupunguza unene kidogo kidogo, mpaka ukawa upinde ambao bega bovu lingeweza kuuvuta. Mama alisema polepole, "Umeuua." Baba akasema, "Nimeufanya uwe na umri wangu."

Lakini mishale ya zamani ilikataa upinde mpya. Tuliijaribu kwenye kichuguu, na kila mmoja ulikwepa kushoto na kupiga majani. Baba alinikalisha chini, akanieleza jambo ambalo bado naliona kuwa la ajabu. "Mwanangu, mshale hauruki umenyooka kama unavyodhani. Ukitoka kwenye upinde unajipinda, huku na huku, kama nyoka anayeogelea, ndipo unatulia. Upinde wenye nguvu unataka wano gumu. Huu wangu sasa ni dhaifu, unataka wano laini. Ila tunamtaka pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, naye ni mnene, na sumu hatuna." Mzee aliyejua kupika sumu ya mishale alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakurudi. "Kwa hiyo uzito uwe mbele, kwenye kigumba, kile chuma cha nchani, ili uingie ndani. Laini nyuma, zito mbele. Mikono yangu imezoea upinde wa zamani, itanidanganya. Yako haijazoea kitu. Nenda ukanichagulie."

Nilikwenda kando ya Luhira peke yangu. Nilikata vijiti vya mkole visivyo na vifundo, unene wa kidole changu cha shahada, na kila kimoja nilikishika ncha zote mbili na kukisukuma katikati kwa dole gumba, nikisikiliza kwa ngozi jinsi kinavyorudi. Kigumu nilikiacha. Kilichopinda bila kurudi nilikiacha. Nilikuwa nimepata vijiti kumi nilipoinua uso na kumwona askari amesimama juu ya ukingo, bunduki begani.

Nilikuwa nimejifunza salamu ya watu wa pwani kutoka kwa wachuuzi. Nikasema, "Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Nakata vijiti vya mgono. Wa kuvulia samaki."

Alishuka, akachukua kijiti kimoja kutoka mkononi mwangu. Hakuwa mtu wa kwetu; uso wake ulikuwa na chale nisizozijua. Akakiweka kati ya viganja viwili na kukiviringisha, kisha akakiinua mpaka usawa wa jicho, akafumba jicho lingine na kukitazama kwa urefu wake wote. Hakuna mtu anayekagua kijiti cha mgono namna ile. Alikuwa amekishika kama baba anavyoshika wano. Alinitazama kwa muda mrefu, akatazama mbavu zangu, akanirudishia.

"Hiki kina kifundo kidogo karibu na ncha," akasema. "Mgono wako utavunjika. Tafuta kingine."

Akapanda ukingo na kwenda zake. Nilikibonyeza kile kijiti kwa kucha, nikakikuta kile kifundo chini ya gome. Nilikata kingine.

Mawano yanahitaji kukauka. Baba aliyamenya gome, akayanyoosha kwa moto na meno, akayapanga juu ya uchaga wa jikoni ambako moshi ulipita. Siku zilikuwa ndefu kuliko siku zozote nilizowahi kuishi, kwa sababu Kanyika alikuwa ameanza kulala mchana kutwa. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kupandisha sauti, siku ya tano alisimama mlangoni akasema, "Baba Nakawale, mtoto hatangoja miti yako ikauke." Baba akasema, "Nikienda na wano bichi litapinda hewani, pofu atakimbia, na sitakuwa na nguvu ya kwenda mara ya pili. Nipe siku nne." Mama alimtazama, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na jembe lake. Lilikuwa jembe alilopewa alipoolewa, limechakaa mpaka likawa dogo kama kiganja, lakini ndilo jembe pekee tulilobaki nalo.

"Una chuma cha vigumba?" akauliza.

"Sina."

"Basi hiki hapa."

"Mvua zikija utalimia nini?"

"Nitachimba kwa kijiti. Chukua kabla sijabadili nia."

Waliliweka makaani, na ni mama mwenyewe aliyevukuta. Baba aliligonga juu ya jiwe kwa mkono wa kushoto, vibaya na polepole. Vilitoka vigumba vinne, vizito, visivyopendeza macho, lakini alivinoa mpaka vikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Mimi nilifunga manyoya ya kanga, matatu kwa kila mshale, yote ya bawa moja ili yaelekee upande mmoja, nikayakaza kwa uzi wa kano na kuyapaka ulimbo. Mawano manne tu ndiyo yaliyokauka bila ufa.

Tuliondoka alfajiri, baba na mimi, mama akabaki na Kanyika. Kulikuwa na mahali pa udongo wa chumvichumvi ambapo pofu walikuja kuramba. Tulijilaza nyuma ya mti ulioanguka, upepo ukitupiga usoni. Walipokuja walikuwa sita, wakubwa kama ng'ombe dume, ngozi ya shingo ikiyumba, na magoti yao yakilia ko, ko, walipotembea. Baba alitandika mishale minne kwenye majani mbele yetu. Hakuchukua hata mmoja. Akanigeukia, akanong'ona, "Upi?"

Nilijua alichokuwa akiniuliza. Wanyama wale wasingengoja mshale wa pili. Niliipitishia kidole, mmoja baada ya mwingine. Wa pili na wa tatu ilikuwa karibu sawa, na nilisita hapo, nikahisi machozi yakija. Baba hakunihimiza. Pofu wangeweza kuondoka wakati wowote, lakini yeye alikaa akinitazama kana kwamba tulikuwa na siku nzima. Nikagusa wa tatu.

Alivuta mpaka nikasikia bega lake likilia. Sikuuona mshale ukiruka. Niliuona tu umezama nyuma ya bega la jike aliyekuwa karibu, manyoya ya kanga peke yake yakibaki nje. Alishtuka, akakimbia na wenzake, kisha akabaki nyuma, akatembea, akasimama. Tulingoja muda mrefu. Tulipofuata damu tulimkuta amelala ubavu chini ya miombo. Baba alipiga magoti, akamwekea mkono sikioni, akasema maneno ya Kindendeule ya kuomba radhi, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake.

Nyumba zote saba zilikula nyama ile, na mama alimpa Kanyika mchuzi kwa kidole, tone kwa tone, siku mbili nzima kabla hajathubutu kumpa nyama. Siku ya kumi Kanyika alisimama akishikilia ukuta. Mvua zilipokuja mama alichimba kwa kijiti kama alivyosema, akapanda mbegu ya mtama aliyoiomba kwa watu wa Madaba, na mikono yake ilitoka malengelenge ambayo baba aliyapaka mafuta ya pofu kila jioni.

Sasa mimi ni bibi. Nyama naletewa na mjukuu kutoka buchani, imefungwa kwenye gazeti, na hakuna ajuaye mnyama wa nyama hiyo aliuawa na nani. Sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Nimewaona watu wazima wakilamba majivu ya maghala yao, na namshukuru Mungu kwamba watoto wangu walikua wakilalamikia ugali kuwa mwingi. Tuliwapeleka shule, tukawaamulia karibu kila kitu, hata viatu vya kuvaa, kwa sababu tuliwapenda na tuliogopa wasije wakakosea. Baba alinipenda vilevile, na alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuogopa. Hata hivyo alimgeukia mtoto wa miaka tisa, akamuuliza, akangoja jibu, na alipolipata hakulibadilisha.