Siku Niliyoelea Ndivani

Naona aibu kulieleza jambo hili, lakini kwa kuwa nusu ya mji walinishuhudia na kila anayelisimulia anaongeza lake (yupo anayedai nilikuwa uchi kabisa, si kweli, nilikuwa na bukta), afadhali nilieleze mwenyewe kwa mpangilio.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika mji wetu mdogo chini ya Milima ya Pare, pale mto unaoshuka kutoka Suji unapoacha mawe na kuingia tambarare. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kwa miaka mitatu nilikuwa napima joto asubuhi, mchana na jioni, na daftari langu lilionyesha kile ambacho kila mtu alikijua bila daftari: mji unageuka tanuri, upepo wa nyika unatuletea vumbi hadi kwenye ugali, na watoto hawana pa kujipooza isipokuwa kwenye ndiva, lile bwawa tunalohifadhia maji ya kumwagilia mashamba kwa zamu, ambamo kuoga ni marufuku. Nikapendekeza kona moja ya mto itengwe, ichimbwe na kupandwa mikuyu, watu wapate pa kuoga na kupumzika. Kura ilikuwa ipigwe Jumapili.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mbonea, hakulitaka wazo hilo hata kidogo.

"Mto ni wa mahindi," alisema kwenye kamati, "si wa kupunga upepo. Na mtoto akizama, wewe Katibu utajitosa?"

Nikajibu, "Nitajitosa, mzee." Sikujua kuogelea.

Nilinunua kitabu cha mtumba pale stendi ya Same, kinafundisha kuogelea kwa michoro, nikakisoma mara mbili, nikapigia mistari kwa penseli, kisha nikaamua (huu ndio uamuzi mdogo ulioniponza) kufanya jaribio moja tu kabla ya mkutano. Mto kiangazi kile haukupita kifundo cha mguu. Maji ya kina yalikuwa ndivani peke yake, na Jumamosi ndiva haifunguliwi, maana wenye mashamba wengi ni Wasabato na wako kanisani, hivyo maji hujaa na kutulia kutwa nzima. Nilikuwa nimepanga kila kitu, isipokuwa Mama Zaituni.

Mama Zaituni alikuja zamani kutoka Kigoma kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akabaki, na kishamba chake kiko mwisho kabisa wa mfereji. Ratiba mpya, niliyoichora mimi, ilimpa maji ya Jumamosi alasiri kuanzia wiki iliyokuwa inafuata. Alhamisi akanijia nyumbani.

"Katibu, nyanya zangu zinanyauka. Nikianza Jumamosi hii kuna ubaya?"

Wakati huo nilikuwa kwenye ukurasa wa kuelea chali. Nikasema, "Anza tu, mama," bila kuinua macho, na mimi ninayeandika kila kitu, hilo sikuliandika.

Jumamosi saa tisa nilitundika suruali na shati kwenye kibao cha MARUFUKU KUOGA (nilikipaka rangi mwenyewe, kina msumari mzuri) nikaingia majini. Kitabu kinaagiza mtu alale chali, afumbe macho, aache masikio yazame, kisha ahesabu pumzi polepole. Na kweli nilielea! Sijawahi kusikia utulivu wa namna ile. Nilikuwa nimepita pumzi ya mia mbili nilipohisi mgongo umegusa kitu laini, nikadhani ni kambale. Lilikuwa tope.

Nikafumbua macho. Mama Zaituni alikuwa ameshazibua ndiva (kizibo kiko upande wa nje, chini ya ukingo, kwa hiyo hakuniona), maji yaliyobaki yalikuwa ya kunawia miguu, na juu ya ukingo ilikuwa imesimama kwaya nzima ya vijana wa Kisabato, wametoka kanisani, wako kwenye matembezi yao ya alasiri na mashati yao meupe. Nikajaribu kusimama, nikadidimia hadi mapajani, kwani tope lile halikuwa limeondolewa misimu miwili (kumbukumbu ninazo).

Wangecheka ningepata nafuu. Lakini ni watoto waliolelewa vizuri. Waliniamkia kwa pamoja, sauti zote nne:

"Shikamoo, Katibu!"

"Marahaba," nikaitikia. "Hamjambo?"

"Hatujambo!"

Mwalimu wao akakohoa. "Katibu, unakagua ndiva?"

"Nakagua."

"Kwa mgongo?" akauliza binti mmoja wa sauti ya pili, na hapo kwaya ikavunjika.

Kutoka chini nikamsikia Mama Zaituni akipanda ukingo huku akifoka: "Nani anakoroga maji? Yananijia tope tupu!" Akafika, akanitazama, akaitazama suruali kwenye kibao. "Katibu! Si ulisema nianze tu?"

Walinivuta kwa khanga yake, sauti ya tatu na ya nne mbele, Mama Zaituni akihesabu.

Jumapili mkutano ulijaa kuliko siku zote. Mzee Mbonea alifungua kwa kusoma kanuni: anayeoga ndivani atazoa tope siku tatu, peke yake.

"Nani aliyeandika hii?"

"Mimi, mzee."

"Basi. Na huyu ndiye atakayewaokoa watoto wetu mtoni?"

Watu walicheka hadi nikalifunga daftari la joto bila kulisoma. Miaka mitatu ya kupima, niliona imekwisha pale. Ndipo Mama Zaituni akasimama.

"Mwenyekiti, huyu mtu tunamjua. Hata kuku wake wanalala kwa ratiba. Kama joto limemvua suruali huyu, wanangu mimi nitawazuia kwa kibao?"

Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa Mzee Mbonea. Sikusahihisha kwamba halikuwa joto, kilikuwa kitabu. Ndiyo mara pekee nimeacha kosa lipite kwenye kikao.

Nilizoa tope siku zangu tatu. Kona ya mto ilichimbwa, mikuyu imeanza kutoa kivuli, na watoto wanaaga nyumbani wakisema wanakwenda "Kwa Katibu". Jina hilo niliona lazima niliandike kwenye muhtasari, kwa mkono wangu. Kumewekwa kijana mmoja anayejua kuogelea, awaangalie. Mimi huketi ukingoni na kipimajoto, suruali mwilini, na kila ruhusa ninayotoa naiandika papo hapo. Joto likizidi huwa naingia hadi kiunoni. Lakini masikio yangu hayajazama tena, wala hayatazama.